Picha na Maneno Yake: Video za Mafunzo ya Historia na Sayansi kwa Vijana wa Karagwe na Kyerwa

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi picha za video zinavyoweza kutumika kuwafundishia historia na sayansi vijana wa shule za sekondari katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, na kuonyesha ya kuwa faida yake hutegemea zaidi maneno yanayofuatana na picha kuliko picha yenyewe. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la walimu na mafundi wa mitambo tu. Sivyo. Watu husema ya kwamba picha hujieleza. Lakini darasani picha huonyesha tu, wala haielezi. Mwenye kueleza ni mtu, naye hueleza kwa lugha. Basi swali la video za mafunzo ni swali la lugha, na lawahusu wataalamu wa Kiswahili kama linavyowahusu walimu wa kemia na wa historia.

Katika makala haya neno "sinema" litatumika kwa picha za zamani zilizoonyeshwa kwa utepe wa filamu, na neno "video" kwa picha za siku hizi, ambazo huonyeshwa kwa televisheni, kompyuta, projekta au simu.

1. Sinema za mafunzo zilivyoanza katika nchi hizi

Jaribio kubwa la kwanza la kufundisha kwa sinema katika Afrika ya Mashariki lilifanywa Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Misioni liliendesha kazi hiyo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya uongozi wa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Picha zilizotengenezwa zilihusu mambo kama ugonjwa wa safura unaoletwa na minyoo, na faida ya kuweka fedha katika benki ya posta. Kisha zikatembezwa kwa gari kutoka mji hadi mji, katika Tanganyika na nchi za jirani.

Jaribio lile lilikuwa na mambo mengi ya kulaumiwa, maana waliochagua la kufundishwa hawakuwa wale waliofundishwa. Walakini lilikuwa na jambo moja la kukumbukwa. Sauti haikutiwa katika utepe wa picha, bali ilirekodiwa mbali katika sahani za santuri. Kwa hiyo picha ile ile iliweza kusemewa kwa Kiswahili mahali pamoja, na kwa lugha nyingine mahali pengine. Walitambua mapema ya kuwa picha moja yaweza kuwa na maelezo mengi, na ya kuwa maelezo ndiyo yenye kubadilika kulingana na msikilizaji.

Mwaka 1939 Waingereza waliunda idara ya sinema za makoloni, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia ya kuwa Waafrika hawana uwezo wa kufuata picha zinazokwenda mbio. Hapo ndipo zilipoenea hadithi nyingi. Mojawapo ni ile ya watu walioonyeshwa mbu aliyekuzwa kwa picha, wakajibu ya kuwa kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Hadithi hiyo ilisimuliwa ili kuwacheka watazamaji. Lakini tukiitafakari twaona ya kuwa kosa si la mtazamaji. Hakuna aliyemwambia ya kuwa picha imekuzwa. Mtu aliyeyaona mambo kwa ukubwa wake tangu kuzaliwa ana haki ya kuamini macho yake mpaka aambiwe vinginevyo. Lililokosekana ni sentensi moja tu.

Baada ya uhuru kazi hii iliendelea katika mikono ya wenyeji. Taasisi ya vifaa vya kuona na kusikia ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1974, ikatoa sinema za elimu ya watu wazima na za maendeleo ya vijiji. Mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids kilianza kuonyeshwa katika televisheni kutoka Dar es Salaam, kikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Tena mwezi wa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, masomo yalitolewa kwa redio na televisheni nchini kote, na wengi waliokuwa hawajafikiri habari ya kufundisha kwa picha wakalazimika kuifikiri.

Nje ya nchi zetu upo mfano wa kutuonya. Mwaka 1971 Côte d'Ivoire ilianza kufundisha shule za msingi kwa televisheni, hata katika vijiji visivyokuwa na umeme, ambako mitambo iliendeshwa kwa betri. Lugha ya masomo yale ilikuwa Kifaransa, ambacho watoto wengi wa vijijini hawakukisikia nyumbani. Mpango ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sababu zilikuwa nyingi, na gharama ilikuwa mojawapo. Lakini yatupasa kushika neno hili, ya kwamba mtambo waweza kufika kijijini na maana isifike.

2. Wilaya mbili, lugha tatu

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Makao makuu ya Karagwe ni Kayanga, na ya Kyerwa ni Rubwera. Zote mbili zapakana na Rwanda kwa Mto Kagera, na Kyerwa yapakana na Uganda pia. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Na upande wa Kyerwa madini ya bati yamechimbwa tangu enzi ya Waingereza.

Lugha ya nyumbani ni Kinyambo, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kihaya, na wa Kinyankore cha ng'ambo ya mpaka. Josephat Rugemalira wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika sarufi ya lugha hii, iliyotolewa mwaka 2005. Mtoto akiingia shule ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili. Akifika sekondari, sayansi na masomo mengine mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Ndiyo kusema, kijana wa miaka kumi na minne huko Murongo au Nkwenda huitwa ajifunze kemia kwa lugha yake ya tatu, wakati uo huo anapojifunza lugha yenyewe.

Matokeo ya hali hii si siri. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, waliotumwa kuchunguza Kiingereza katika shule za Tanzania, walitoa taarifa ya kuwa ujuzi wa wanafunzi ulikuwa mdogo kiasi cha kuzuia masomo mengine yasifundishike vema. Tangu mwaka 2002 mradi wa LOITASA, uliounganisha wataalamu wa Dar es Salaam, wa Afrika ya Kusini na wa Oslo, ulirudia kuonyesha ya kuwa wanafunzi hufahamu zaidi na kusema zaidi darasani wafundishwapo kwa lugha wanayoijua. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo hufundishwa kwa Kiswahili. Sayansi ingali katika Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu wa historia na mwalimu wa fizikia, walio katika jengo moja na mbele ya watoto wale wale, hufanya kazi katika hali mbili zilizo mbali sana.

Video yaweza kuwa daraja kati ya hali hizi mbili. Kwa nini? Kwa kuwa video si mtihani, wala si kitabu cha kiada. Ni kifaa cha kufahamishia, na kifaa cha kufahamishia hakikatazwi kusema lugha inayofahamika.

3. Mfano wa kwanza: tanuri la chuma

Tuchukue somo moja ambalo ni historia na ni sayansi pia, tena ni la mkoa wenyewe.

Ufalme wa Karagwe ulikuwa na sifa ya uhunzi. Katika makao yake ya Bweranyange vimepatikana vifaa vya chuma vya enzi ya kifalme, miongoni mwavyo sanamu za ng'ombe. Katika miaka ya 1970, upande wa Buhaya, karibu na Ziwa Victoria, Peter Schmidt alifukua mabaki ya matanuri huko Katuruka, na baadhi ya makaa yaliyopimwa yalionyesha umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliombwa kujenga tanuri upya na kuyeyusha chuma kama walivyofanya wazazi wao. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walitangaza habari hizo katika jarida la Science. Walitoa hoja ya kuwa mafundi hao waliingiza mabomba ya udongo ndani ya tanuri, hata hewa ikapata moto kabla ya kufika penye makaa, na hivyo wakapata joto kubwa mno. Wataalamu wengine waliipinga hoja ya hewa kupashwa moto kwanza, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Filamu juu ya kazi hii ilitolewa mwaka 1988 kwa jina la The Tree of Iron.

Filamu ya namna hii ni hazina. Kijana akiona wazee wa mkoa wake wakitoa chuma katika udongo, hujifunza historia ambayo maneno matupu hayawezi kuileta. Lakini filamu ile haikutungwa kwa darasa la Kidato cha Pili, na mwalimu akiionyesha bila ya maelezo yake mwenyewe, atazame jinsi macho yanavyoweza kudanganya.

Mwanafunzi huona moto, huona watu wanaovukuta usiku na mchana, kisha huambiwa ya kuwa chuma kimepatikana. Hudhani basi ya kuwa chuma kiliyeyuka kama nta na kumiminika. Sivyo hata kidogo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi, na tanuri la namna hii halikuhitaji kufika huko. Kinachoyeyuka na kuchuruzika chini, katika shimo lililotiwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, ni takataka ya mawe, ambayo kwa Kiswahili cha wahunzi huitwa mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki bonge gumu lenye matundu kama sifongo, na bonge hilo hupigwa nyundo likiwa moto mpaka takataka iliyosalia itoke. Jambo kubwa kuliko yote, yaani jinsi mawe yanavyogeuka chuma, halionekani kabisa, kwa sababu latendeka baina ya gesi na mawe ndani ya tanuri. Hapo kamera haina la kuonyesha. Neno peke yake ndilo linaloweza kuingia mle.

Sasa tulinganishe namna mbili za kuisemea picha hiyo. Namna ya kwanza ni ile ya kufasiri kitabu neno kwa neno:

"Mchakato wa upunguzaji wa oksidi za chuma hufanyika kwa njia ya uwepo wa kaboni monoksaidi katika kiwango cha juu cha jotoridi."

Hakuna kosa la kisayansi humo, lakini mwanafunzi hana pa kushika. Atauliza: kimepunguzwa nini? Namna ya pili ni hii:

"Tazama mivukuto. Hewa yaingia chini, makaa yawaka. Ndani ya tanuri makaa ni mengi na hewa ni haba. Basi hutoka gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii ina njaa ya oksijeni. Mawe ya chuma yana oksijeni ndani yake. Gesi huipokonya. Mawe yakipokonywa oksijeni, kinachobaki ni chuma."

Maelezo haya yana maneno mengi zaidi, lakini kila sentensi yachukua jambo moja tu, na kila jambo latokana na lile lililotangulia. Neno "pokonya" ni la kila siku. Mtoto amelijua tangu mchezoni. Baada ya kulifahamu tendo, ndipo apewe jina lake la kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pamoja, yameandikwa juu ya kioo ili ayanakili. Jina lije nyuma ya maana, lisiitangulie.

Tena lugha ya nyumbani isidharauliwe. Chuma kwa Kinyambo ni ekyoma, na makaa ni amakara. Mwalimu akiyaandika ubaoni maneno haya mawili pamoja na yale ya Kiswahili, wanafunzi wataona wenyewe ya kuwa chuma na ekyoma ni neno moja, na ya kuwa katika makaa Kiswahili kimeidondosha sauti ambayo Kinyambo kimeihifadhi. Kwa dakika mbili tu somo la kemia litakuwa limewafundisha historia ya Kibantu, nao watatambua ya kuwa habari ya chuma si ya kigeni kwao, maana jina lake walizaliwa nalo.

4. Mfano wa pili: mnyauko wa migomba

Mfano wa pili ni mfupi, lakini una maonyo mawili. Tangu mwaka 2006 mkoa wa Kagera umepambana na ugonjwa wa mnyauko wa migomba, unaoletwa na bakteria. Majani huwa manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na shina likikatwa hutoka utomvu wa manjano. Ugonjwa huenezwa na wadudu wanaotembelea maua, na panga lililokata mgomba mgonjwa likakata mzima, na machipukizi yatokayo katika shamba lenye ugonjwa. Vijana wote wa wilaya hizi wameyaona mashamba yaliyoharibiwa. Kwa hiyo ni somo la biolojia lililo mlangoni.

Onyo la kwanza ni la ukubwa. Video itaonyesha bakteria waliokuzwa kwa hadubini, na hapo tunarudi kwa yule mbu wa zamani. Sharti maelezo yaseme waziwazi: "Wadudu hawa hawaonekani kwa macho, picha hii imewakuza mara maelfu." Na neno "wadudu" lenyewe lataka uangalifu. Katika mazungumzo ya kawaida twasema wadudu wa ugonjwa. Lakini katika somo hili wamo wadudu wa kweli pia, wale warukao kutoka ua hadi ua. Tukiwaita wote wadudu, mwanafunzi atachanganya kinachobeba na kinachobebwa. Heri basi kusema bakteria kwa hawa, na wadudu kwa wale, tangu mwanzo hata mwisho.

Onyo la pili ni la wakati. Video yaweza kuonyesha mgomba ukinyauka kwa nusu dakika. Mkulima ajua ya kuwa jambo hilo huchukua majuma. Picha ikifupisha wakati na maelezo yasiseme hivyo, kijana atashindwa kufahamu kwa nini yafaa kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, na kutakasa panga kwa moto au dawa, wakati shamba lingali laonekana zima. Yaani shauri zima la kuzuia ugonjwa limejengwa juu ya wakati usioonekana katika picha.

5. Mfano wa tatu: historia na jicho la mwenye kuona

Katika sayansi hatari ni kutoona kilichofichika. Katika historia hatari ni nyingine: kuamini ya kuwa kilichoonyeshwa ndicho kilichotokea.

Mwezi wa Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Video nyingi zaweza kutungwa juu ya habari hiyo, na kwa kuwa hakuna picha za kamera za siku zile, waigizaji watavaa nguo na kusema maneno. Mwanafunzi aonaye waigizaji husahau upesi ya kuwa ni waigizaji. Kwa hiyo maelezo hayana budi kumwambia habari yatoka wapi. Habari hii yatoka katika kitabu cha Speke mwenyewe, kilichotolewa mwaka 1863. Ni Speke aliyeandika ya kuwa mfalme alimwamkia kwa Kiswahili kizuri. Ni yeye pia aliyeandika jinsi alivyompima kwa utepe mwanamke mmoja wa ukoo wa mfalme kwa sababu ya unene wake. Wenyeji waliwaza nini juu ya mgeni aliyepima miili ya watu? Kitabu hakisemi, na video isijifanye yajua. Iulize tu, halafu inyamaze, mwalimu aendelee.

Hilo la Kiswahili lastahili dakika zake. Vijana wengi hudhani ya kuwa Kiswahili kililetwa Karagwe na serikali na shule. Lakini huko Kafuro, katika ufalme huo huo, palikuwa na kituo cha wafanyabiashara waliotoka pwani kwa njia ya Tabora, na lugha yao ilikuwa imekwisha fika katika baraza la mfalme kabla ya Mzungu wa kwanza. Katika msafara wa Speke mkalimani mkubwa alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa Bara Hindi utumwani na kurudi. Speke alisema naye Kihindustani, na Bombay akasema Kiswahili na wengine. Picha ya mfalme, mgeni na mkalimani wakiwa wamekaa pamoja ni somo zuri la historia ya lugha yetu.

Habari za karibu zina shida nyingine. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na vita vikaendelea hata mwaka 1979. Filamu ya Vita vya Kagera ilitolewa mwaka 1980 na Kampuni ya Filamu Tanzania pamoja na Taasisi ya Dar es Salaam iliyotajwa juu. Picha zake ni za kweli. Lakini ilitengenezwa na nchi iliyoshinda, mara tu baada ya kushinda, na nia yake ilikuwa kusifu ushujaa. Mwalimu asiifiche filamu kwa sababu hiyo. Aionyeshe, kisha awatume wanafunzi kwa babu na bibi zao waulize: mlikuwa wapi siku zile, mlisikia nini, mlikimbilia wapi? Majibu yatatolewa kwa Kinyambo, yataandikwa kwa Kiswahili, na yatawekwa kando ya yale yaliyoonekana katika filamu. Wakongwe wanaokumbuka hawatakuwapo daima. Kazi hii ikicheleweshwa, filamu itabaki peke yake, nayo itakuwa ndiyo historia yote.

6. Sheria za maneno ya picha

Kutokana na mifano hii twaweza kutoa sheria chache kwa watungaji wa maelezo.

Kwanza, maneno yasirudie yale yanayoonekana. Mtazamaji akiona mtu anavukuta, hana haja ya kuambiwa ya kuwa mtu anavukuta; aambiwe kwa nini. Pili, maneno yaende pamoja na picha, yasiitangulie wala yasiifuate kwa mbali. Uchunguzi wa Richard Mayer na wenzake, huko Marekani, umeonyesha mara nyingi ya kuwa maneno na picha vikija kwa wakati mmoja mwanafunzi hushika zaidi, na ya kuwa somo likikatwa vipande vifupi hushikwa kuliko likitolewa mfululizo. Tatu, kila istilahi ije baada ya maelezo yake, isemwe mara kadhaa, na ibaki ile ile. Mtungaji asiseme "gesi" hapa, "hewa" pale, na "mvuke" kwingine kwa kupenda kupamba. Katika ushairi hilo ni uzuri, katika fizikia ni hasara. Nne, kimya kiheshimiwe. Kuna nafasi ambazo msemaji hana budi kunyamaza ili macho yafanye kazi yao.

Hapa ndipo ilipo kazi ya wataalamu wa lugha. Istilahi za sayansi kwa Kiswahili zipo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, na Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa likisanifu maneno tangu mwaka 1967. Walakini neno lililosanifiwa na kuchapishwa halijawa hai bado. Huwa hai siku linaposikiwa katika kinywa cha mtu anayelihitaji. Shule za sekondari ziliyafungia mlango maneno haya, maana lugha ya masomo ni nyingine. Magazeti huyatumia kwa nadra. Video fupi juu ya tanuri, mnyauko, au mawe ya Karagwe, ambayo wanajiolojia wameyapa jina la nchi hii duniani kote, zaweza kuyapa maneno hayo sauti. Na yale yasiyotamkika vema yatajulikana upesi, kwa kuwa vijana watayacheka au watayaacha. Hilo ni jaribio la istilahi ambalo kamati haiwezi kulifanya mezani.

Wako watakaosema ya kuwa mtihani wa Kidato cha Nne ni wa Kiingereza, na ya kuwa video ya Kiswahili itawapotezea wanafunzi wakati. Neno hili lina uzito, maana mzazi wa Kyerwa aliyeuza kahawa yake alipe mahitaji ya shule hataki mwanawe afanyiwe majaribio. Lakini mwanafunzi aliyekariri sentensi ya Kiingereza bila ya kuifahamu huanguka swali likigeuzwa kidogo. Aliyefahamu kwa Kiswahili ana jambo la kufasiri. Asiyefahamu hana kitu. Ndiyo maana tumesema maneno ya Kiingereza yaandikwe juu ya kioo pamoja na yale ya Kiswahili, ili kijana atoke na yote mawili: maana, na jina analotakiwa kulitumia mtihanini.

7. Kazi ya mwalimu

Mwaka 1913 Thomas Edison alitabiri ya kuwa sinema itaviondoa vitabu mashuleni. Zaidi ya miaka mia imepita na vitabu vingalipo, na mwalimu angalipo. Video haiulizwi swali. Haioni uso wa mtoto aliyepotea njia.

Kwa hiyo utaratibu wa somo na uwe huu. Mwalimu aitazame video mapema, peke yake, na achague sehemu isiyozidi dakika chache. Kabla ya kuionyesha aulize swali moja ambalo jibu lake limo ndani, na aliandike ubaoni. Aonyeshe mara ya kwanza bila ya kukatiza. Mara ya pili aisimamishe penye picha muhimu, aulize: mnaona nini, na nini hamkioni? Mara ya tatu, kama wakati upo, aizime sauti, na mwanafunzi mmoja asimame aisemee picha kwa maneno yake. Zoezi hili la mwisho ndilo bora kuliko yote. Litamwonyesha mwalimu upesi nani amefahamu na nani amekariri. Tena litamzoeza kijana kusema mambo ya elimu kwa ufasaha mbele ya watu.

Gharama si ndogo, lakini si ya kukatisha tamaa. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Basi mtambo ni mmoja, wa mwalimu au wa shule, nao wawatosha wote wakikaa vizuri. Mahali ambapo umeme haujafika au hukatika, nguvu ya jua yaweza kutumika. Video zihifadhiwe ndani ya mtambo wenyewe, zisitegemee intaneti saa ya somo. Na pasipo mtambo kabisa, zipo redio za jamii, kama ile ya FADECO huko Karagwe. Maelezo yaliyotungwa vema yaweza kusikilizwa hata bila ya picha, na hicho ndicho kipimo cha utungaji wake.

8. Hitimisho

Tumeona ya kuwa picha yaweza kumpeleka kijana penye tanuri la wazee wake, ndani ya shina la mgomba, na mbele ya baraza la Rumanyika. Tumeona pia ya kuwa katika kila mahali hapo jambo lililo kubwa halionekani: gesi inayopokonya oksijeni, majuma yaliyofupishwa kuwa nusu dakika, mkono wa yule aliyeandika habari. Mambo haya matatu hufikiwa kwa maneno tu.

Shauri letu, basi, ni hili. Wataalamu wa lugha, walimu wa sekondari wa Karagwe na Kyerwa, na watengenezaji wa video wakae pamoja tangu siku ya kwanza ya kazi, wala mwanalugha asiitwe mwishoni kusahihisha tafsiri. Waanze na video chache, fupi, za mambo ya wilaya zenyewe. Wazijaribu darasani, waandike maneno yaliyofahamika na yaliyoshindikana, kisha watuletee orodha hiyo. Orodha ya maneno yaliyoshindikana mbele ya vijana wa Kyerwa itatufaa sisi watunga kamusi kuliko maneno mapya mia yaliyobuniwa chumbani.